Mtoto kazaliwa na tofauti ya mkono au mguu: tafuta chanzo, ujue pa kuanzia

Ijumaa ni siku yetu ya plasta kliniki, ya kunyoosha miguu ya watoto. Mara nyingi, kabla sijamaliza kufungua kanga ya mtoto, mama ameshauliza: "Dada, nilikosea wapi?" Asipouliza yeye, anauliza mama mkwe, na sauti yake ni ya kushitaki. Mwongozo huu nimewaandikia wote wawili, pamoja na wakunga na wauguzi wa zahanati, kwa kuwa wao ndio humwona mtoto kwanza.

Nimeupanga kwa dalili. Watu hawaji kwetu na jina la ugonjwa, wanakuja na unyayo uliogeuka au kidole kilichozidi. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo tunachokiona mara nyingi, cha nadra nikakiweka nyuma.

Kabla ya yote, hesabu siku

Mikono huanza kama vichipukizi viwili ubavuni mwa kiinitete, siku ya 26 hivi tangu mimba itunge. Miguu hufuata siku mbili baadaye. Wakati huo kiinitete kina urefu wa milimita 4 hivi, na kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, hedhi imechelewa siku 12 tu. Kufikia siku ya 56 vidole vimeachana, kiwiko na goti vinaonekana, na mwili wote kutoka utosini hadi matakoni ni kama sentimita 3. Hesabu ya kliniki huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo huwa mbele ya umri wa kiinitete kwa wiki mbili. Ukisoma kwenye kadi, basi, kazi yote hiyo imefanyika kati ya wiki ya 6 na ya 10 ya mimba.

Shirika la Afya Duniani linashauri hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12 kutimia. Hata mama aliyewahi kiasi hicho mara nyingi anafika kliniki viungo vikiwa vimekwisha kuumbwa. Ulichokula mwezi wa tano, msiba uliohudhuria mwezi wa saba, mtu uliyemcheka njiani: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomkosesha mtoto kidole. Ninalisema hili kila Ijumaa na sichoki, maana nimeona ndoa zikivunjika kwa sababu ya kidole.

Hatua zenyewe zinasaidia sana kuelewa kasoro. Kichipukizi ni fuko dogo la ngozi lililojaa seli laini, na nchani mwake pana ukingo mwembamba ulioinuka kama pindo la kitambaa. Ukingo huo ndio unaoamuru urefu. Mwaka 1948 John Saunders, mwanabiolojia wa Marekani, aliukata kwenye chipukizi la bawa la kifaranga kilichokuwa bado ndani ya yai. Alipoukata mapema, bawa liliishia karibu na bega. Alipoukata baadaye, vilikosekana vidole tu. Upande wa kidole cha mwisho kuna kundi la seli linalotoa ishara ya kupanga vidole, kipi kiwe cha mwisho na kipi kiwe dole gumba. Jeni ya ishara hiyo, Sonic hedgehog, ilitambuliwa mwaka 1993. Kiganja cha kwanza ni bapa kama kasia, na vidole huachana pale seli za katikati yao zinapokufa kwa mpango maalumu wa mwili. Mifupa huanza ikiwa gegedu, ule mfupa laini kama wa sikio. Halafu mikono na miguu hujizungusha kila kimoja kwa upande wake, ndiyo maana kiwiko chako kinatazama nyuma na goti linatazama mbele.

Ukiielewa safari hiyo, kila kasoro itakuonyesha ilipoanzia.

Ukaguzi wa dakika tano, kwa kila mtoto

Mvue mtoto nguo zote, penye mwanga na joto, mapajani mwa mama. Linganisha kulia na kushoto. Hesabu vidole ukivitenganisha kimoja kimoja, maana kidole kilichoshikana hujificha kwenye ngumi. Kunja na kunjua kila kiungo taratibu. Kisha mgeuze utazame mgongo wote hadi penye mkia: pana uvimbe, shimo au kishungi cha nywele? Tazama kama njia ya haja kubwa ipo wazi. Mwisho, sikiliza moyo.

Usingoje kliniki ya wiki ijayo, nenda hospitali leo hii ukiona lolote kati ya haya:

- kiungo kimekuwa cha bluu, cheupe au cha baridi, au kimevimba mbele ya mfereji (mstari uliozama) unaokizunguka;
- mtoto analia kila unapogusa mkono au mguu mmoja, ana homa, au amekataa kunyonya;
- anatoa mapovu mdomoni na kupaliwa anaponyonya;
- njia ya haja kubwa haipo, au saa 24 zimepita bila choo cha kwanza;
- uti wa mgongo una uvimbe au kidonda wazi.

Dalili: unyayo umegeukia ndani

Hili ndilo linalojaza benchi letu. Ukweli wa kwanza ni kwamba miguu mingi ya namna hii haina ugonjwa wowote. Mtoto alikuwa amejikunja mahali pembamba, akatoka na miguu iliyokunjwa.

Jaribio ni rahisi. Kwanza, kwaruza taratibu kwa ukucha ukingo wa nje wa unyayo, kuanzia kisigino kuelekea kidole cha mwisho. Mguu uliobanwa tu hujinyoosha wenyewe. Pili, shika kisigino kwa mkono mmoja, kwa mwingine inua unyayo polepole uelekee kwenye mundi. Unapanda bila kupingwa? Basi ni mkao wa tumboni, na mara nyingi hunyooka katika miezi michache. Kama nusu ya mbele tu ndiyo imepinda, huku kisigino kimekaa sawa, nayo kwa kawaida hunyooka yenyewe. Ikiwa ngumu, ilete.

Chanzo cha pili ni mguu kifundo wenyewe. Hapa unyayo haupandi. Kisigino kiko juu, kidogo na kitupu ukikibonyeza, kama mfuko usio na kitu ndani. Katikati ya unyayo kuna mkunjo mrefu wa ngozi, na nyayo mbili zinatazamana kama viganja vya mtu anayetaka kupiga makofi. Huzaliwa nao takriban mtoto mmoja katika kila 1,000, wavulana mara mbili ya wasichana, na karibu nusu yao wana miguu yote miwili. Vidole vipo vyote na mifupa ipo yote. Mguu uliumbwa ukakamilika, kisha ukapindishwa na kano zilizokaza ndani na nyuma. Ndiyo maana unaweza kunyooka bila upasuaji mkubwa.

Chanzo cha tatu, cha nadra lakini usikiruke, ni mishipa ya fahamu. Mguu kifundo unaoambatana na uvimbe mgongoni, au na vidole visivyotikisika ukivikuna, huenda umetokana na uti wa mgongo usiofunga. Huyo anahitaji daktari wa upasuaji kabla ya plasta.

Tiba ya mguu kifundo wa kawaida ni ya Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyeibuni Iowa, Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Ninaieleza kwa kirefu kwa sababu wazazi wanaoielewa ndio wanaoimaliza. Kila wiki tunaunyoosha mguu kidogo kwa mkono na kuushikilia kwa plasta ndefu, kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Plasta inayoishia chini ya goti huteleza, kwa hiyo ukifungwa fupi uliza. Plasta ya kwanza huinua mfupa wa dole kubwa, na wazazi wengi hushtuka wakidhani mguu umezidi kupinda. Haujazidi. Ni lazima sehemu ya mbele ilingane na ya nyuma kwanza, ndipo unyayo wote uzungushwe kwenda nje. Kwa kawaida plasta huwa kati ya 4 na 7. Kisha watoto wengi hukatwa kano ya kisigino kwa kijitundu kidogo chini ya ganzi, kazi ya dakika chache, na kufungwa plasta ya mwisho kwa wiki 3. Kano hujiunga tena ikiwa ndefu zaidi.

Baada ya hapo ndipo watu wengi huanguka. Mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu usiku na wakati wa usingizi wa mchana hadi afikishe miaka 4 au 5. Mguu unaonekana mzuri, mtoto analia, bibi anaona huruma, viatu vinatiwa uvunguni. Miguu mingi inayorudi kupinda imerudia hapo. Siku za kwanza mbili tatu za kilio ni za kuzoea. Cheza naye akiwa amevivaa, msukume magoti yote mawili pamoja, atagundua mwenyewe namna ya kurusha miguu.

Onyo la plasta: kila mara unapombadilisha nepi tazama vidole. Bonyeza kimoja mpaka kipauke, ukiachie. Rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili tatu. Vidole vikiwa vya baridi, vya bluu au vimevimba, au vikiwa vimezama ndani ya plasta, loweka plasta kwenye maji ya uvuguvugu, uifungue, uje. Hakuna atakayekugombeza.

Usimkande mtoto kwa mafuta ukitarajia mguu kifundo unyooke. Na usikubali kuambiwa usubiri. Mwaka jana nilipokea mtoto wa miaka 3 aliyetembelea mgongo wa mguu, ngozi ya pale imekuwa sugu kama kisigino cha mkulima. Mama yake alimpeleka kwenye kituo kimoja akiwa na siku 4, wakamwambia atanyooka akianza kutembea. Tulimnyoosha, lakini kwa plasta nyingi zaidi na machozi mengi zaidi. Wiki ya kwanza au ya pili ndiyo saa yake. Dar es Salaam hospitali ya CCBRT wanaitoa tiba hii, Kenya kuna hospitali ya CURE ya Kijabe, Uganda kuna hospitali ya CoRSU, na hospitali nyingi za rufaa zina siku yake ya kliniki. Piga simu uulize siku kabla ya kulipa nauli.

Dalili: kidole kimezidi

Kidole cha sita kando ya kidole cha mwisho ni jambo la kawaida sana kwetu Waafrika, mara nyingi zaidi kuliko kwa Wazungu, na husafiri katika ukoo. Kabla sijamtazama mtoto, namwomba baba mkono wake. Mara ngapi nimekuta kidutu kidogo, kigumu, kando ya kidole chake cha mwisho, na yeye mwenyewe hajui ni kovu la nini! Kidole kilifungwa uzi alipokuwa mchanga, na hakuna aliyemwambia. Pale tuhuma zote juu ya mama hukoma.

Shika kidole hicho katikati ya vidole vyako viwili. Kama kinaning'inia kwa kishikizo chembamba cha ngozi na hakina mfupa, ni kazi ndogo ya ganzi na kisu. Kama shina ni pana, kuna mfupa au kiungo, au mtoto anakikunja, ni upasuaji kamili, na kwa kawaida husubiriwa mpaka afikie mwaka mmoja hivi.

Usifunge uzi wala unywele nyumbani. Kidole hufa polepole kikinuka, na hapo huingia vijidudu, pamoja na pepopunda. Mara nyingi hubaki kidutu chenye ncha ya mshipa wa fahamu ndani, kinachouma kila kikigongwa. Kwenye shina lenye mfupa uzi ni hatari maradufu.

Dole gumba lililogawanyika mara mbili ni habari nyingine. Hapa huenda ishara ya kupanga vidole imewaka upande usio wake. Madole hayo mawili yamegawana mifupa na kano, hivyo kulikata moja bila kulijenga lingine humwachia mtoto dole lililopinda. Piga picha ya eksirei, mwone mpasuaji wa mikono.

Kidole cha mguuni kinachozidi kiamuliwe na kiatu. Kama kiatu kinaingia vizuri, mnaweza kuamua kukiacha.

Onyo: vidole vilivyozidi kwenye mikono na miguu yote, pamoja na kifua chembamba au moyo wenye mlio usio wa kawaida, vipelekwe kwa daktari wa watoto kabla ya mpasuaji.

Dalili: vidole vimeshikana

Ile kasia niliyoitaja haikuchongwa mpaka mwisho. Seli za katikati zilizopaswa kufa zilibaki. Mkononi, mara nyingi ni kidole cha kati na cha pete. Mguuni, cha pili na cha tatu, na hivyo vya mguuni havihitaji chochote, mtoto atakimbia kama wenzake.

Angalia kama kucha ni mbili au moja pana. Jaribu kuvisogeza kimoja juu, kimoja chini. Vikisogea kila kimoja peke yake, kinachovishika ni ngozi tu. Visiposogea, huenda mifupa imeungana, na eksirei itaonyesha.

Watu huuliza kwa nini tusipasue katikati tu kama kufungua bahasha. Chukua uzi uzungushe vidole vyako viwili vilivyobanana, upime. Kisha zungusha kila kimoja peke yake, ujumlishe. Uzi wa pili ni mrefu zaidi. Ngozi iliyopo haitoshi kuvifunika vidole viwili vilivyoachana, kwa hiyo mpasuaji hukata kwa mistari ya kwenda na kurudi na mara nyingi huongeza ngozi kutoka sehemu nyingine. Aliyepasua moja kwa moja humwachia mtoto kovu linalovuta kidole mpaka kinapinda.

Wakati wa upasuaji hutegemea ni vidole gani. Dole gumba na cha shahada, au cha pete na cha mwisho, havilingani urefu. Kirefu hupindishwa na kifupi, kwa hiyo hivyo hutenganishwa mapema, karibu na miezi 6 hadi mwaka. Vya katikati vinaweza kusubiri mwaka wa pili.

Dalili: dole gumba halipo, au kiganja kimelalia upande wake

Tulia hapa. Hii ndiyo dalili ninayoiogopa zaidi, japo mkono wenyewe hautamuua mtoto.

Kwanza ondoa jambo dogo: mtoto mchanga kuficha dole gumba ndani ya ngumi ni kawaida miezi mitatu ya mwanzo. Lifunue taratibu. Kama lipo na linafunguka, endelea na shughuli zako.

Kama halipo, au ni kijinyama kinachoning'inia, au kigasha ni kifupi na kiganja kimejikunja kuelekea upande wa dole gumba, upande mmoja wa chipukizi haukukua. Na katika siku zilezile moyo, figo, umio na uti wa mgongo vilikuwa vinaumbwa. Kilichogusa kimoja huenda kiligusa na kingine. Kwa hiyo mkono unasubiri. Kwanza hakikisha mtoto anameza maziwa bila kupaliwa na njia ya haja iko wazi. Kisha aonwe na daktari wa watoto kwa kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, altrasaundi ya figo na hesabu kamili ya damu. Kuna hali ambamo chembe za kugandisha damu huwa chache tangu kuzaliwa, na ngozi huonyesha madoa mekundu au michubuko isiyo na sababu. Kuna nyingine ambamo damu hupungua miaka kadhaa baadaye, mtoto akiwa shuleni, na hakuna anayekumbuka kuuhusisha na mkono. Andikeni kwenye kadi yake.

Onyo kwa wapasuaji wadogo na wazazi wenye haraka: asiguswe kisu, hata tohara, kabla hesabu ya damu haijatoka.

Mkono wenyewe huanza kunyooshwa na mzazi tangu wiki za kwanza, kila anapombadilisha nepi, na hufungwa gango laini usiku. Asiye na dole gumba anaweza kutengenezewa: mpasuaji huhamisha kidole cha shahada, mifupa na mishipa yake yote, kikawa dole gumba. Siku mtoto anaposhika kijiko kwa mara ya kwanza, nyumba nzima husimama kumtazama.

Dalili: mkono au mguu umeishia njiani

Tafuta mfereji. Kama kuna mstari uliozama kuzunguka mguu au kidole, kama mahali palipofungwa kamba, na vidole vingine vimekatika bila mpangilio au vimeshikana nchani tu, chanzo ni nyuzi za ngozi ya chupa ya uzazi. Zilichanika zikakizunguka kiungo ambacho kilikuwa kimeumbwa vizuri. Halirithiwi. Mfereji usio na uvimbe unaweza kupasuliwa kwa nafasi; wenye uvimbe au rangi ya bluu mbele yake ni wa leo.

Kama hakuna mfereji, na kigasha kimeishia chini kidogo ya kiwiko kikiwa na vijidutu laini nchani, mfano wa vidole vilivyoanza vikaacha, huenda damu ilikatika kufika kwenye chipukizi na ukingo ule wa nchani ukanyamaza mapema. Huwa upande mmoja, zaidi kushoto, na nadra kujirudia kwa mtoto anayefuata.

Kama pande zote mbili zimeguswa na zinafanana, fikiria jeni au dawa. Dunia ilijifunza hili kwa thalidomide. Iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957 kama dawa ya usingizi, wajawazito wakainywa kwa kichefuchefu, na ilipoondolewa sokoni Novemba 1961 watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameathirika. Hatari ilikuwa kati ya siku ya 20 na ya 36 tangu mimba itunge. Nje ya siku hizo, mikono na miguu ilisalimika. Dawa hiyo bado ipo, hutumika kwa maumivu makali ya ukoma na kwa saratani ya uboho. Kama nyumbani kuna mgonjwa anayeinywa, ifungiwe, asiazimwe mtu.

Misoprostol iliyonywewa kutoa mimba, ikashindikana, nayo inaweza kuacha mtoto na vidole pungufu au mguu kifundo. Mama, ukiulizwa, mwambie daktari ukweli. Anahitaji kujua ili atazame na mishipa ya uso wa mtoto.

Hapa hakuna cha kunyoosha. Kuna cha kumzoesha. Mkono wa bandia mwepesi unaweza kuanza akiwa na miezi 6 hivi, anapoanza kukaa. Pale Moshi, Tanzania, chuo cha TATCOT kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa tiba vya viungo tangu 1981, na wahitimu wake wamesambaa Afrika. Wapo watoto wanaoukataa na kufanya kila kitu bila huo. Mwacheni achague, na msimvalishe mikono mirefu ya shati kumficha.

Dalili: mguu mmoja unaonekana mfupi, au paja halifunguki

Mlaze chali, kunja magoti, nyayo zikae sawa kitandani. Goti moja liko chini kuliko lingine? Fungua mapaja pande zote mbili. Moja linagoma? Mikunjo ya mapaja isiyolingana peke yake haithibitishi kitu, lakini paja linalogoma linathibitisha kwamba unahitaji kipimo. Mara nyingi nyonga imetoka au haijakaa vizuri kwenye kikombe chake, hasa kwa msichana, mzaliwa wa kwanza, au aliyetanguliza matako. Nadra zaidi, mfupa wa paja wenyewe umezaliwa mfupi.

Kabla ya miezi 4 hivi altrasaundi ndiyo inayosema kweli, maana kichwa cha mfupa bado ni gegedu na eksirei haikioni. Chini ya miezi 6 mkanda wa Pavlik, unaoshikilia mapaja yakiwa wazi, mara nyingi hutosha. Mbeleko yetu, mtoto akiwa mgongoni na mapaja yamekumbatia kiuno cha mama, ni rafiki mkubwa wa nyonga. Kumfunga miguu ikiwa imenyooshwa pamoja "asiwe na matege" ni adui yake. Usiibonyeze nyonga mara kwa mara ili usikie ikilia.

Dalili: mkono hautikisiki

Mkono huu uliumbwa sawasawa, mara nyingi umeumia wakati wa kutoka. Pitisha kidole juu ya mtulinga: uvimbe au msuguano ni mvunjiko, nao huunga wenyewe kwa wiki 2 au 3. Mkono unaoning'inia umegeukia ndani, kiganja kikitazama nyuma, ni mishipa ya fahamu ya shingoni iliyovutwa. Wengi hupona, lakini kama hajaanza kukunja kiwiko afikapo miezi 3, asisubiri tena, apelekwe kwa mtaalamu.

Mkono uliokuwa ukitikisika ukaacha ni onyo kubwa: usaha kwenye kiungo au mfupa, au kaswende ya kuzaliwa nayo, ambayo huuma mifupa hata mtoto akaonekana kama amepooza. Tazama kipimo cha kaswende kwenye kadi ya mama. Usikande.

Dalili: viungo vingi vimegandama

Viungo huhitaji kutikiswa ndani ya tumbo ili vifunguke. Mtoto ambaye misuli au mishipa yake haikumwezesha kucheza huzaliwa na viwiko, magoti na nyayo ngumu, ngozi nyororo isiyo na mikunjo. Usilazimishe, unaweza kuvunja mfupa. Mlete wiki hiyohiyo.

Matege

Miguu ya upinde kabla ya miaka 2 ni kawaida. Ikizidi baada ya hapo, ikiwa upande mmoja tu, au vifundo vya mikono vikiwa vipana, apimwe matege ya upungufu wa vitamini D na madini ya chokaa.

Mnapofikiria mimba nyingine

Kwa kuwa kazi hufanyika mapema hivyo, marekebisho huanza kabla ya mimba. Vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, vianze angalau mwezi mmoja kabla. Vinalinda zaidi uti wa mgongo, na kupitia huo miguu. Mwenye kisukari ashushe sukari kwanza. Anayetumia valproate kwa kifafa aonane na daktari abadilishiwe mapema, asiiache mwenyewe, maana degedege nalo huua. Kama mna mtoto mmoja wa mguu kifundo au kidole cha sita, mwambieni mkunga siku ya kwanza, na altrasaundi ya karibu na wiki ya 20 itazame mikono na miguu. Mkiuona mguu umepinda kwenye picha, hakuna la kufanya tumboni. Ulizieni tu kliniki ya plasta iko siku gani.